Sadaka ya Milimita Moja

Wapo wanaojitolea damu. Wapo wanaojitolea kufagia ufukwe. Na wapo wanaojitolea kubishana juu ya milimita moja.

Hao utawakuta Marekani, kwenye kamati za American Welding Society, chama cha uchomeleaji kilichoanzishwa 1919. Kamati mojawapo hutunza D1.1, kanuni ya kuchomelea miundo ya chuma, ambayo mzizi wake ni wa 1928. Ujira wa mjumbe ni jina lake kuchapwa kurasa za mwanzo, zile ambazo fundi huziruka.

Kazi yenyewe? Penye mzigo uliotulia, chuma kikiwa na unene chini ya milimita 25, kijifereji kilicholika pembeni mwa mshono kisizidi milimita 1. Isipokuwa kinaweza kufika 2, mradi urefu wake usipite milimita 50 katika kila 300. Ndani ya hiyo "isipokuwa" mna jasho la watu na chai iliyopoa. Na ole wake atakayetaka "lazima" igeuzwe "yafaa": kura itapigwa, anayekataa atatoa sababu, naye atajibiwa kwa maandishi. Ni ndoa ngapi zina utaratibu kama huo?

Tuwacheke, lakini taratibu. Ghorofa likisimama miaka hamsini, hakuna anayewataja. Siku likianguka, hata aliyekuwa akiwacheka huuliza kwa hasira: "Kwani hapakuwa na kamati?"