Friji Lenye Jiko Mgongoni

Mtu wa Tanga mwenye chetezo, udi na pakiti ya makaa ndani ya begi hafai kukodishiwa gari-nyumba. Nalisema hili kwa heshima zote za shangazi yangu, aliyekuja kututembelea Arizona, tukaona tumpeleke kutazama Grand Canyon.

Tulipofika kambini alioga, akawasha chetezo afukize kanga zake. King'ora cha moshi kikapiga yowe mpaka mbwa wa majirani wakaitikia. Shangazi akakitazama pale darini. "Hiki nacho, kwao hakuna harusi?"

Asubuhi alijipulizia manukato ya kopo, kikalia kile cha kunusa gesi. Hicho hufungwa chini, karibu na sakafu, kwa kuwa propeni ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa. Shangazi akakiziba kwa mkoba. Nikautoa, akaurudisha. Mtungi wa kuzimia moto pale mlangoni ulishavikwa buibui, na mpini mwekundu wa dirisha la dharura ulianikiwa kanga. Simlaumu sana. Magari haya hayana pa kutundika kitu isipokuwa kwenye vifaa vya kuokolea roho.

Mambo yalibadilika alipochungulia tundu la nyuma, kwa nje. "Mwanangu, njoo! Friji linaungua!"

Haliungui, Shangazi, ndivyo lilivyo. Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji linalopoza kwa moto: mwali huchemsha maji yenye amonia, amonia ikazunguka mabombani na kuleta baridi. Ila gari sharti lisimame sawasawa. Likiinama muda mrefu, majimaji hukwama, bomba hupata moto kupita kiasi na linaweza kupasuka. Na humo ndani mna haidrojeni.

"Kwa hiyo tunalala na jiko limewaka nyuma ya nyama?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe umekwenda shule."

Huyu amekulia nyumba ya makuti, ambako halali mtu kabla kaa la mwisho halijamwagiwa maji. Tangu hapo nilikuwa dereva tu, mwenye gari ni yeye. Chetezo kilihamia nje, juu ya jiwe. Buibui likarudi mwilini, mkoba begani. Kuegesha kwenye majani makavu akakataa katakata, kwani bomba la moshi la gari huwa la moto. Kila tulipong'oa nanga nilifunga koki ya gesi huku amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

Kwenye kituo cha mafuta, gari-nyumba jingine likasimama pampu ya pili. Shangazi akanigusa. "Muulize yule baba, friji lake limezimwa?"

Nikaona haya, lakini kumbishia shangazi siwezi. Nikauliza. Yule mzee alinitazama, akautazama mpira wa petroli mkononi mwake, akaurudisha mahali pake na kuingia ndani mbio.

"Mwambie na koki," Shangazi akapaza sauti kutoka dirishani.