Mabika wa Mteremkoni

Kipatimu unaweza kulima ufuta, ukakwea mnazi, hata ukamaliza kampeni nzima bila kumwona mgombea. Kudunda mpira ndiko huwezi. Hapa mpira ukidunda unateremka, na ukishateremka haurudi wenyewe. Milima hii ya Matumbi iliwasumbua sana Wajerumani baada ya wazee wetu kung'oa pamba yao pale Nandete, Julai 1905, na kwa hilo naiheshimu. Kwenye mpira wa kikapu lakini, haijawahi kuwa upande wetu.

Maradhi yangu niliyapata Dar es Salaam, nilikopelekwa kwa baba mdogo kujifunza cherehani. Baba mdogo alikuwa na dishi, na akishalala, rimoti ilikuwa yangu. Ndipo nikamwona Mwadi Mabika wa Los Angeles Sparks. Mzaliwa wa Kinshasa huyo, wa mwaka 1976. Mwaka 1996 aliichezea Zaire kwenye Olimpiki ya Atlanta, wakafungwa kila mechi. Mei 1997 Mobutu akaanguka na Zaire ikarudia kuitwa Kongo. Mwezi uliofuata ligi ya wanawake ya WNBA ikaanza kule Marekani, na Mabika yumo. Mtu kahama nchi, nchi nayo ikahama jina, yeye anadunda tu. Sparks wakachukua ubingwa 2001, wakarudia 2002.

Wasichana wenzangu pale nyumbani walimpenda zaidi Lisa Leslie wa timu hiyohiyo, kwa sababu tarehe 30 Julai 2002 aliruka akaushindilia mpira kwenye pete kwa mkono, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo katika ligi ile. Sikatai, ni jambo kubwa. Lakini Leslie ana mita 1.96, na mimi nikikaa nyuma ya cherehani wateja huuliza fundi katoka saa ngapi. Wa kumwiga naye anachaguliwa kwa kipimo. Mabika yeye alipenda kusimama mbali, nje ya mstari wa pointi tatu, akautuma mpira bila haraka kama anayewatupia kuku mtama, nao unazama. Kusimama mbali hata mimi naweza.

Niliporudi Kipatimu nikajishonea jezi ya zambarau na manjano, kwa vitambaa vilivyobaki kwenye sare za kwaya. Mgongoni nikatarizi MABIKA. Siku ya kwanza kuivaa sokoni, mama mmoja muuza dagaa akaniuliza ni wa chama gani, na kama fulana zimebaki. Mzee mmoja wa mtaani kwetu akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, umeolewa tena na hukutuambia?"

"Hapana, baba. Huyu ni mchezaji wa Kongo."

"Aa! Wa bendi gani?"

Nikamwambia wa Los Angeles. Akasema bendi hiyo haijui, labda ni ya vijana.

Mambo yakawa mazito mtoto wa dada yangu alipoletewa mpira wa kikapu kutoka Dar. Tukapata ringi ya baiskeli iliyong'olewa spoku, tukaamua kuipigilia kwenye mwembe wa shangazi. Kimo cha pete ni mita 3.05, sawasawa na cha netiboli. Futi yangu ya kushonea ina sentimita 150, kwa hiyo tulipima futi mbili nzima na kipande cha vidole vitatu, mtoto kapanda juu ya tawi, mimi chini nashikilia ncha, na shangazi kwenye kibaraza anauliza mwembe unashonewa nini.

Binti mwenyewe anacheza netiboli shuleni, tena mfungaji mzuri. Tatizo ni kwamba netiboli imemwingia kwenye mifupa. Nikimpasia, anadaka, anaganda, mguu mmoja umeota mizizi.

"Dunda, mwanangu! Tembea nao!"

"Mama mdogo, refa atapuliza."

"Refa yuko wapi hapa?"

Anageuka kumtafuta, na sekunde tatu zake zinaisha.

Mimi nilikuwa na mbinu ya Mabika. Nikarudi nyuma hadi karibu na choo, nikaachia. Mpira ukagonga ringi, ukagonga shina, ukaanza safari. Ulipita katikati ya jamvi la makopa ya shangazi, ukaruka mtaro, ukakatiza kijiwe cha bodaboda (walishangilia, wale hushangilia chochote), ukaenda kutulia kwenye lundo la machungwa yaliyokuwa yakisubiri lori. Sasa machungwa yetu mengi huiva yakiwa bado na ukijani. Mnunuzi aliyetoka mjini alikuwa akilalamika kwamba mzigo ni mbichi, anataka apunguziwe. Mwenye mzigo, mjanja wa kuzaliwa, akaunyanyua mpira wangu kwa mikono miwili, akamwambia, "Na hili je? Hili nalo bichi?"

Nilifika nikihema. Bei ilikwisha kupanda, na mpira nikarudishiwa pamoja na machungwa ya kunipoza. Shangazi alinidai makopa yake mpaka nikamshonea gauni.

Siku hizi tunacheza kwa utaratibu wetu. Kila timu ina mtu mmoja anayekaa bondeni moja kwa moja, na ndiye anayechoka kuliko wote. Binti ameanza kudunda, mara moja moja, akishahakikisha hakuna refa. Na mitupo ya mbali inaingia, yake zaidi ya yangu. Leslie angetufaa nini hapa? Kuruka ni kwa wenye ardhi tambarare ya kutulia wakishuka.

Basi msomaji, ukija kununua machungwa, ukifika Njianne kwa barabara ya kutoka Dar, kata kulia, panda milima, uliza fundi wa jezi ya zambarau. Kama nyumbani kwako kuna mpira wa kikapu uliostaafu, uje nao. Pampu ya baiskeli tunayo. Sindano ya kujazia ndiyo hatuna, hiyo usiisahau.