Mtoto wa Panda na Ardhi Inayopanda

Oulu, Ufini, mwezi wa pili 2025

Yomba wangu mpenzi,

Salamu zikufikie wewe, Mama, Kambo na watu wote wa lupango, bila kumsahau jirani anayesikiliza sauti zangu za WhatsApp kupitia juu ya ukuta. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo sijayasikia tangu mwezi wa kumi na moja.

Ujumbe wako umefika. Umesema: "Mpwa wangu, wazungu wanakuchezea. Hakuna fundi duniani anayejenga nyumba juu ya godoro." Ukaongeza kwamba ile picha niliyokutumia kutoka kazini umewaonyesha wazee waliostaafu kutoka karakana za kampuni ya madini ya Gécamines pale kwetu Panda, nao wakacheka mpaka munkoyo ukamwagika vikombeni. Basi leo nimeacha sauti, nimeshika kalamu. Jambo hili linataka utulivu, na munkoyo hauna kosa.

Kwanza kazi yenyewe. Niko katika kikundi kinachojenga misingi ya nyumba za familia. Siku ya kwanza tulikuwa watu sita, tukafanya kazi saa nane, na wenzangu wakazungumza mara nne. Katika yote waliyosema nilishika neno moja tu: betoni. Yomba, Wafini wanasema betoni! Kama sisi kabisa, herufi kwa herufi. Nikaona nimefika nyumbani, nikapaza sauti: "Betoni!" Mzee wa kazi akaniangalia, akatikisa kichwa kukubali, akanipa beleshi. Hayo ndiyo mahojiano yangu yote ya ajira.

Jina la kwetu ndilo lililonitesa. Huku Panda ni vitu viwili: yule dubu wa China mwenye macho kama aliyekesha msibani, na pipi nyeusi za kutafuna zinazouzwa madukani kwa jina hilo. Ukisema unatoka Panda, mtu anatabasamu kama umetoka kwenye bakuli la sukari. Kulikuwa na dubu wawili wa aina hiyo katika bustani ya wanyama ya Ähtäri tangu 2018. Gharama zao zikazidi, na mwezi wa kumi na moja mwaka jana wakarudishwa kwao. Asubuhi hiyo mzee wa kazi alinipa sentensi yake ndefu kuliko zote: "Panda wawili wameondoka, amebaki mmoja." Kisha akaenda kunywa kahawa. Mimi nikaenda kuangalia tarehe kwenye karatasi zangu za ukaazi.

Sasa tuje kwenye godoro.

Kwetu ardhi ina adabu. Unachimba udongo mwekundu, unashuka mpaka sululu inakurudia mkononi, unapanga mawe, unamwaga betoni, unapandisha ukuta. Ardhi haitoki pale ilipo. Wanaosumbua ni mvua kutoka juu na mchwa kutoka chini. Huku, Yomba, ardhi yenyewe inapanda. Nami, mtoto wa Panda, ninalipwa mshahara niizuie isipande.

Usicheke bado. Wafini wana neno la ardhi iliyoganda: routa. Hapa Oulu baridi inaweza kushuka ardhini kiasi cha mita 2 mahali pasipo na theluji juu. Nilidhani shida ni ile tuliyosoma shuleni, kwamba maji yakiganda hunenepa asilimia 9, kama chupa inayopasuka kwenye friji. Kumbe hiyo ni ndogo. Udongo laini wa huku unavuta maji kutoka chini kama utambi wa taa unavyovuta mafuta. Maji yakifika kwenye baridi yanaganda, yanakuwa kipande bapa kama chapati. Utambi haukomi kuvuta: chapati ya pili, ya tatu, ya kumi. Hizo chapati zikipangana zinainua ardhi, na ardhi inainua nyumba. Mmarekani mmoja, Stephen Taber, alithibitisha jambo hili karibu na 1930 kwa kugandisha udongo wenye benzini badala ya maji. Kimiminika hicho kikiganda hunywea, hakinenepi, na bado udongo ulipanda.

Laiti nyumba ingeinuliwa sawasawa, mtu angevumilia. Lakini inainuliwa kona moja, halafu majira ya joto barafu inayeyuka, kona inarudi chini imechoka, ukuta unapasuka, na mlango wa choo unagoma kufungwa. Msiba mtupu.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni ile yako: chimba upite kule baridi inakofika. Mita 2 na zaidi kuzunguka nyumba nzima, Yomba, kaburi la tembo! Ya pili ni kuizuia baridi isiingie chini ya nyumba, na hapo ndipo godoro linapoingia. Wafini, Waswidi na Wanorwe wameizoea njia hii tangu miaka ya 1950. Wamarekani waliiingiza katika kanuni zao za ujenzi miaka ya 1990. Kwa hiyo kama ninachezewa, tunachezewa wengi.

Kitanda chenyewe kinatandikwa hivi. Tunaondoa udongo laini, tunatandaza kitambaa, juu yake kokoto zilizopondwa, sentimita 20 mpaka 30. Kati ya kokoto na kokoto kuna nafasi kubwa, kwa hiyo utambi unakatika na maji hayapandi. Pembeni tunalaza bomba lenye matundu la kupeleka maji mbali. Kisha godoro lenyewe: mbao nyeupe za fomu (povu la plastiki), ndugu za zile zinazokuja na televisheni ndani ya boksi, ila hizi ni ngumu. Unene wake sentimita 20 au zaidi. Juu yake wavu wa nondo, mipira ya maji ya moto, na mwisho betoni ya sentimita 10. Kuta zinakaa kwenye msingi wao pembeni, na nje ya msingi tunafukia mbao nyingine za fomu, zimelala kama sketi kuzunguka nyumba. Kwenye pembe sketi inapanuliwa, maana pembe inapigwa na baridi pande mbili.

Wewe ni fundi, nakupa hesabu. Betoni ya sentimita 10 ina uzito wa kilo 240 hivi kwa kila mita ya mraba. Fomu ya chini ya sakafu inabeba tani kadhaa kwa mita hiyohiyo kabla ya kubonyea. Ukiongeza kabati, kitanda, na Mama Mkubwa akicheza siku ya harusi, bado tuko salama.

Kinachoniuma ni jinsi betoni inavyotunzwa. Kwetu ukimaliza kumwaga, vijana wanainyweshea maji asubuhi na jioni isipasuke. Huku wakati wa baridi inaletwa imekorogwa na maji ya moto, inamwagwa, halafu inafunikwa mablanketi. Chini ya nyuzi 5 simenti inaanza kusinzia; ikiganda kabla haijapata nguvu, imeharibika, unavunja na kuanza upya. Usiku mmoja wa nyuzi 18 chini ya sifuri niliwekwa zamu ya kulinda sakafu. Sakafu ilikuwa na mablanketi mawili na mashine ya kuipulizia joto. Mimi nilikuwa na koti. Saa nane za usiku nilifunua pembe ya blanketi nikaingiza mikono. Betoni ilikuwa vuguvugu kama bukari iliyopikwa saa moja iliyopita. Nikawaza: laiti ningezaliwa sakafu.

Sasa nikwambie aibu yangu, kwa sharti kwamba jirani asihadithiwe. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili nilifika mapema. Msingi ulikuwa umesimama, sakafu bado, na theluji imefunika kiwanja chote. Unajua Mama alivyotulea: jua halikuti lupango halijafagiwa. Nikachukua koleo na ufagio, nikafagia. Nusu saa kiwanja kikawa cheusi, safi, unaweza kuanika mihogo. Nikasimama pembeni kungoja sifa.

Mzee wa kazi alishuka kwenye gari, akaona, akafungua mdomo, na ile rekodi ya panda wawili ikavunjwa palepale. Mengi sikuyaelewa, na hayo yalikuwa rehema. Niliyoelewa ni haya: theluji ni blanketi. Imejaa hewa, inaifunika ardhi, baridi haipiti upesi. Mimi nilikuwa nimemvua mgonjwa nguo katikati ya baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kabla hatujaifunika tena, ardhi ilikuwa imeganda ngumu kama reli, na huwezi kutandika kitanda juu ya routa, kwa sababu ikiyeyuka nyumba itazama. Ikaletwa mashine ya kuzungusha maji ya moto ndani ya mipira, tukailaza chini, tukaifunika. Siku nne kuyeyusha kile nilichofagia kwa nusu saa. Tangu hapo, nikishika ufagio tu, wenzangu watano wanageuka kwa pamoja.

Kuna jambo jingine litakalomchekesha Kambo. Kabla ya fomu, ndani ya zile kokoto, tunazungusha bomba moja jembamba lenye matundu, halafu tunalipandisha mpaka juu ya paa. Nikauliza la nini. Wakanijibu: radoni. Ni hewa isiyo na rangi wala harufu. Inatoka kwenye urani iliyomo ndani ya miamba, inapenya kwenye nyufa za sakafu, na ukiivuta miaka mingi inaweza kuleta saratani ya mapafu. Ndiyo maana pale sakafu inapokutana na ukuta tunaziba kwa utepe wa lami.

Yomba, nilikaa chini kwenye kokoto. Urani! Mimi niliyekulia karibu na mgodi wa urani wa Shinkolobwe, ambao mawe yake yalivuka bahari 1940 mpaka New York na kuishia kwenye bomu la Hiroshima. Nimeruka nchi na nchi, nimejifunza kusema asante kwa Kifini, na urani imenitangulia, inaningoja chini ya sakafu. Nikawaeleza wenzangu. Wakanyamaza, ambalo si jambo geni, lakini safari hii walinyamaza kwa heshima. Tofauti ni moja, nayo imenikaa moyoni: huku kila nyumba mpya imepangiwa kipimo, radoni isipite bekereli 200 kwa mita ya ujazo. Kwetu, watu walioingia kwenye shimo lile na majembe yao, nani alikuja kuwapimia?

Sasa lile ombi lako la mwisho. Baada ya kunicheka, umeniomba nitume kontena la fomu ili nyumba yangu pale Panda iwe "ya Ulaya kamili." Hapana, Yomba. Mwezi wa sita Panda kuna baridi ya kumfanya Kambo akumbatie mbabula, lakini ardhi haigandi. Ukifukia fomu pale, mchwa watachimba barabara zao ndani yake, watalala penye joto, na malkia wao atakushukuru. Kila ardhi ina ugonjwa wake. Huku ni maji yanayopanda. Kwetu ni mvua na mchwa. Kwa hiyo toa udongo wote wenye mizizi. Kile kichuguu cha kiwanjani kichimbe mpaka kwenye malkia, usikisawazishe tu kama tulivyofanya kwenye choo cha zamani, ukuta ukapasuka kabla manjanja ya paa hayajapigiliwa. Shindilia udongo tabaka kwa tabaka, inua sakafu juu ya kiwanja, chimba mfereji. Godoro utalipata kitandani.

Tena, kwa heshima zote. Umenitumia picha tatu za msingi wangu: ya mwezi wa nane, "tumeanza", ya mwezi wa kumi, "tumefika nusu", ya mwezi huu, "karibu tunamaliza, tuma ya simenti." Zamani ningetuma tu. Lakini sasa misingi ndiyo chakula changu, nimezikuza zile picha kwenye simu. Mistari ya bloko ni minne katika zote tatu. Na kwenye kona ya kushoto yuko kuku mwekundu, amesimama kwa mguu mmoja, katika picha zote tatu, mguu uleule.

Sisemi kitu, Yomba. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika timazi. Piga picha nyingine kesho, weka futi kando ya ukuta, nami nitatuma ya simenti kesho kutwa.

Na huyo kuku, tafadhali, msimchinje hata kama wageni watakuja. Ndiye msimamizi wangu.

Mpwa wako,
Panda wa mwisho Ufini