Kamati ya Kidonda

Paukwa! Pakawa.

Palikuwa na banda la kuku uani kwa Bi Salma, mjini Muheza, chini ya mzambarau. Urefu wake mita 2, upana mita moja na nusu. Fundi aliyelijenga aliapa kwamba litatosha kuku 15, na hakusema uongo, maana kuku wa kienyeji 5 huweza kuishi katika mita moja ya mraba bila kukanyagana. Lakini kuku huzaana, na Bi Salma hana moyo wa kuuza. Siku hekaya hii inapoanza, humo ndani walilala 31, na chakula chao kilikuwa kwenye debe moja lililopasuliwa kwa urefu.

Mwenyekiti wa banda alikuwa koo wa Kuchi, mrefu wa miguu, mwenye jicho kavu. Hakupigiwa kura. Alijichagua kila asubuhi pale penye debe, kwa mdomo. Yeye alimdonoa wa pili, wa pili akamdonoa wa tatu, hivyo hivyo hadi chini kabisa kwa Tembe, ambaye hakuwa na wa kumdonoa ila ardhi.

Mwaka huo dagaa walipanda bei. Bi Salma akabaki na pumba, na kwenye pumba akasahau chumvi. Ndimi za kuku zikaanza kutamani kitu zisichokijua jina. Wengine wakala manyoya ya wenzao. Tusiwacheke, unyoya ni protini karibu tupu, na mwenye njaa hula kilicho jirani. Asubuhi moja mmoja wao aling'oa unyoya mchanga juu ya mkia wa Tembe, ule ambao bado una damu ndani ya shina lake. Likatoka tone moja.

Kuku hapiti penye wekundu akanyamaza. Kila mmoja alikuja kuangalia, na kuku huangalia kwa mdomo. Kufika adhuhuri, kidonda kilikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi 100.

Kuchi akaunda kamati. Wajumbe walikuwa yeye mwenyewe, Jimbi na wakubwa watatu wa debe. Bata akawa katibu, kwa kuwa mdomo wake mpana usingeweza kushukiwa. Posho ya wajumbe ilikuwa kula kwanza, jambo ambalo walikuwa wakilifanya tangu zamani, ila sasa lilikuwa na jina. Hadidu za rejea zilisema: kuchunguza damu ilitokaje. Aliyedonoa hakutajwa, kwa sababu za umoja.

Walikaa siku mbili. Ripoti ilieleza kuwa damu ilipatikana mgongoni mwa Tembe, mahali ambapo Tembe peke yake ndiye mwenye mamlaka. Ilipatikana pia kwenye midomo ya wajumbe, lakini kidogo, na ilikuwa imekauka kabla kikao hakijafunguliwa.

"Tembe, una la kusema?" aliuliza Jimbi.

"Nafasi haitoshi, Mama Mwenyekiti. Nikigeuka huku kuna mdomo, nikigeuka kule kuna mdomo."

"Basi usigeuke," alisema Kuchi. Bata akaandika: *mjeruhiwa ameshauriwa.*

Jioni hiyo Shani, mjukuu wa Bi Salma, ndiye aliyeona kidonda. Alimfunga Tembe kwa kanga kuukuu ili mbawa zitulie, akamkata manyoya yaliyozunguka jeraha, akamwosha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa hadi vuguvugu, chumvi kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita. Aliosha taratibu mpaka uchafu wote ukatoka. Kisha akampaka dawa ya zambarau, ile ya dukani. Kwa bahati Tembe alikuwa hajaanza kutaga, maana kuku wa mayai hapakwi dawa hiyo ovyo, bwana mifugo huulizwa kwanza. Dawa ile ina kazi mbili: huua vijidudu, na huficha wekundu.

Kamati iliiona kazi ya pili.

"Wekundu umekwisha," alitangaza Jimbi juu ya paa, na sauti yake ilifika hadi stendi. "Tatizo limepakwa rangi!"

Wiki hiyo hiyo koo mmoja wa madoadoa akadonolewa chini ya mkia. Kamati ikaamuru naye awe wa zambarau, bila kumsumbua Shani. Chini ya mti zilijaa zambarau zilizoiva na kupasuka. Koo akagaragazwa juu yake mpaka akapata rangi nzuri kuliko ya Tembe.

Bibi Kishingo, ajuza asiye na manyoya shingoni, alisogea karibu. "Wanangu, hiyo si dawa, ni tunda. Kidonda hakikuoshwa. Sukari hiyo itaita nzi, na kwa joto hili mayai ya nzi hayamalizi siku kabla ya kuwa funza."

"Bibi, shikamoo," alisema Jimbi kwa adabu kubwa. "Una cheti?"

"Marahaba. Nina miaka saba."

Bata aliandika kwamba hana cheti. Siku ya tatu koo wa madoadoa alikufa. Taarifa ya kamati ilisema marehemu alikuwa wa zambarau kabisa, kwa hiyo hakufa kwa kidonda.

Tembe wakati huo alikuwa chini ya tenga, pembeni ya banda. Shani alilifanya liwe tenga la kuonana, ili wenzake wasimsahau, kwani kuku akipotea machoni wiki mbili hurudi akiwa mgeni, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Humo alikula pumba zake peke yake bila kuangalia nyuma, akashangaa kujua kwamba shingo yake ilikuwa ndefu.

Lakini nafasi yake ya mwisho kwenye debe haikubaki wazi hata siku moja. Aliyekuwa wa pili kutoka chini akawa wa mwisho, akatoka damu, akawekwa tenga la pili. Akafuata mwingine, na mwingine tena. Kamati ikahesabu waliobaki bandani na kuripoti kwamba malalamiko yamepungua, na kweli yalipungua, kwani walalamikaji walikuwa nje.

Matenga yakaisha. Shani akasimama uani, mikono kiunoni, akiangalia kuku wanne wazima wamefungwa na banda likiendelea kupiga kelele. Akacheka peke yake. Akawafungua wote wanne usiku, wakalala fitoni kati ya wenzao kana kwamba hawakuondoka. Kisha akamkamata mmoja tu: Kuchi.

Siku tano banda lilikuwa kimya. Hakuna aliyejua nani ale kwanza, wakajikuta wanakula. Bata alifungua daftari kila asubuhi na kulifunga. Shani naye akatundika fungu la mchicha kwenye kamba, wakashinda wakilirukia.

Siku ya sita Kuchi akarudishwa, tena mchana kweupe. Akatembea moja kwa moja hadi penye debe, kwenye nafasi yake, akakuta imekaliwa. Akanyoosha mdomo. Mwenye nafasi hakurudi nyuma. Wakapambana, na kwenye kilemba cha Kuchi likachomoza tone moja, jekundu, likining'inia.

Banda zima likanyamaza. Bado walikuwa 30 mahali pa 15, na pumba bado zilikuwa pumba.

Tembe ndiye aliyekuwa karibu. Manyoya mapya yalikuwa yameanza kuchipua mgongoni, kati ya mabaka ya zambarau. Akainamisha kichwa, jicho moja likalitazama lile tone, akageuza, la pili likalitazama.

"Mjukuu wangu," aliita Bibi Kishingo. "Acha."

Tembe alionja mara moja tu.

Ilikuwa na chumvi.