Namna ya Kuoa Gari la Kifahari

Ukitaka kufuga gari la kifahari Kitui au Makueni, anza kwa kukubali jambo ambalo kila Mkamba aliyeoa analijua: bei uliyolipia Mombasa ni mbuzi wa ntheo tu, wale wa kufungua mlango. Mahari yenyewe hujaanza kuitoa.

Kisha hesabu miaka. Kenya huruhusu gari lililotumika liingie nchini ikiwa halijazidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na ni miaka hiyo iliyoshusha bei hadi mkono wako ukafika. Rangi itang'aa kama ya jana. Mpira haupigwi rangi. Mwenyewe wa kwanza, kule Japani au Uingereza, alikula utamu. Bili amekuachia wewe.

Kwa hiyo achana na viti vya ngozi, inama uangalie chini. Range Rover zilianza kuwekewa mifuko ya hewa badala ya springi mwaka 1992, na siku hizi Mercedes-Benz nyingi kubwa zinayo. Raha yake ni ya kweli kabisa. Lakini mfuko ni mpira, na mpira uliozeeka hupasuka kwenye mikunjo. Hewa ikivuja, kompresa hujaza bila kupumzika mpaka nayo inaungua, na hapo unanunua vitu viwili kwa kosa la kimoja.

Jaribio lake ni la bure. Jioni egesha gari mahali tambarare, upime kwa shibiri nafasi iliyopo kati ya tairi na bodi, pembe zote nne. Asubuhi, kabla hujaliwasha, pima tena. La mjomba wangu lilikuwa limepiga goti nyuma kushoto. Fundi mmoja pale Wote alikoroga sabuni ya unga kwenye chupa ya soda, akaimimina polepole juu ya mfuko. Penye mkunjo povu likaanza kutokota, viputo vidogo vidogo kama vya uji.

"Mzee," akasema, "pesa yako inatokea hapa."

Halafu kuna joto. Magari mengi ya Ujerumani yana matangi na mabomba ya maji ya plastiki, na plastiki iliyopikwa miaka mingi huvunjika kama ganda la yai. Ukipanda vilima vya Mbooni adhuhuri, itazame geji ya joto kuliko unavyowatazama wanaokutazama. Ikipanda, zima injini hapo hapo, hata kama wakwe wanakungoja. Hedi ikipinda, utaitamani bei ya tangi.

Mjomba alinunua mifuko miwili, wa kushoto na wa kulia, kwa kuwa umri wao ni mmoja. Hapo alifanya vyema. Spea zilikuja kwa basi kutoka Nairobi siku ya tatu, na siku zote hizo alikwenda sokoni kwa Probox ya jirani, amebanwa katikati ya magunia ya ndengu.