Ombi la Cheti cha Kifo cha Mguu wa Kulia

Kwa Mheshimiwa Mwenye Muhuri,
Popote ulipo: hospitali ya wilaya, serikali ya mtaa, ofisi ya wanafunzi chuoni au dirisha la mikopo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ofisi yako tukufu inamfahamu vizuri mwanafunzi anayezungumziwa hapa, maana kila linapofunguliwa faili jipya huwa anaitwa. Yuko mwaka wa pili, anatembea kwa magongo, na mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti baada ya ajali ya bodaboda akiwa kidato cha tatu. Jina lake halina haja. Wenzake wapo kila chuo, huyu mguu, yule macho, mwingine masikio, na wote hupokelewa kwa swali lilelile: "Una uthibitisho?"

Uthibitisho anao. Umekunjwa ndani ya suruali na kubanwa kwa pini. Ila ofisi yako haiamini macho, inaamini karatasi, na karatasi yenyewe iwe mpya, iwe na sahihi ya daktari na muhuri wa mviringo, iambatanishwe na picha mbili za pasipoti. Picha ya pasipoti, Mheshimiwa, huonyesha kichwa na mabega. Kichwa chake hakijawahi kutiliwa shaka na mtu.

Ndipo mwandishi wa barua hii anapoleta ombi, kwa heshima na taadhima. Mzazi akifariki hutolewa cheti cha kifo, kikahakikiwa na wakala wa usajili, RITA, mambo yakaisha. Hakuna anayemwambia yatima alete barua mpya ya kuthibitisha kwamba baba bado ni marehemu. Basi na mguu upewe hadhi hiyo. Utolewe cheti. Jina la marehemu: Mguu wa Kulia. Umri: miaka 16. Mahali pa kifo: chumba cha upasuaji. Uhusiano na mleta taarifa: walizaliwa siku moja.

Baada ya hapo taratibu zifuatwe, maana hakuna anayetaka njia za panya. Ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe na kusainiwa na wajumbe wote, kisha shauri lifunguliwe mahakama ya mwanzo ili ateuliwe msimamizi wa mirathi. Busara inaelekeza ateuliwe Mguu wa Kushoto, ndugu wa damu aliye karibu zaidi, na ndiye aliyeachiwa mzigo wote. Mali za marehemu ziorodheshwe: viatu vya kulia, vyote vipya kabisa, kwa kuwa viatu huuzwa jozi na muuzaji hapunguzi hata mia ukimwachia kimoja dukani. Soksi. Mguu wa bandia mmoja, uliotengenezwa akiwa kidato cha tatu. Kijana amekua, mguu haukukua, ukawa unamchubua mpaka akauweka uvunguni. Tangazo libandikwe kwenye ubao wa mahakama, na yeyote aliyeuona mguu huo ukikatiza Kariakoo ajitokeze kuweka pingamizi. Asipotokea mtu, faili lifungwe. Mguu uhesabike umekufa, na kijana aachwe asome.

Maombi mengine ni madogo madogo. Dirisha lishushwe limfikie aliye kwenye kiti cha magurudumu. Anayeita "wewe mlemavu, sogea" aangalie fomu aliyoshika mkononi. Jina limeandikwa mstari wa kwanza. Viti viwe vya wanaosubiri, visiwe vya kuwekea mafaili.

Kuhusu ngazi, uungwana unamwishia mwandishi. Siku mwanafunzi alipomtuma mdogo wake na nyaraka, jibu lilikuwa "mhusika aje mwenyewe". Akaja mwenyewe. Alipanda ghorofa mbili, gongo moja likiteleza kwa sababu mpira wake wa chini umelika na fundi viatu ameuziba kwa kipande cha tairi. Alipofika juu akihema, aliyekaa mezani alimpima kwa macho, akasema, "Mbona unapanda vizuri tu?" Asipopanda, hakuna huduma. Akipanda, hana ulemavu. Mtu aliyetunga mtego huo angekuwa mwindaji, tungesema ana kipaji. Huyu analipwa mshahara kwa kodi ya mama anayeuza maandazi.

Samahani, Mheshimiwa. Tuendelee.

Mama huyo ndiye mwenye mtoto. Kiwanja cha familia kiliuzwa kulipa hospitali, na tangu hapo nyumba inaendeshwa na ndoo ya maandazi. Ili kuthibitisha kwamba hana hela, kijana alilipia ada ya kuomba mkopo, shilingi 30,000 zisizorudishwa. Akapata. Posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, tangu ilipopandishwa kutoka 8,500, na anayeshukuru anashukuru. Lakini elfu kumi ya mwenye miguu miwili haina bajaji ndani yake. Ya huyu inayo, kwenda na kurudi, kwa sababu konda wa daladala akiyaona magongo kituoni hugonga bati na gari linaondoka.

Tena mtaani kwao inajulikana kwamba "mlemavu anapewa nyingi zaidi". Boom, yaani posho hiyo, likiingia simu zinaanza. Ada ya shule za serikali imefutwa, kweli, ila sare na madaftari ya wadogo zake hayakufutwa, na mama hapigi simu kwa kupenda. Huanza na salamu ndefu, akauliza hali ya masomo, akauliza hali ya hewa Dar es Salaam, na hapo mtoto anajua kilichompigisha simu. Anatuma. Wiki mbili kabla ya boom jingine anakula chipsi kavu za kukopa.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010, kijana huyu akiwa hajaanza darasa la kwanza. Ina miaka mingi sasa, lakini haijulikani kama imewahi kupanda zile ngazi.

Idara moja tu inastahili pongezi bila kejeli, nayo ni ya marejesho. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na kijana huyu akipata kazi makato yatampata siku hiyohiyo, bila picha wala sahihi ya daktari. Huyo mtumishi anayejua kumtafuta mtu bila kumpiga danadana ahamishiwe dirisha la kutolea mikopo, hata kwa kukaimu.

Cheti kikiwa tayari, mhusika apigiwe simu. Kama kiko ghorofani, kishushwe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwandishi, kwa niaba ya Mguu wa Kushoto

Nakala: Mama mzazi, ambaye anauliza kama ada ya cheti inaweza kulipwa kwa awamu.