Waya ni Waya Tu

Huku Madale kila nyumba ina boksi la waya, na mwenye boksi si fundi, ni baba mwenye nyumba. Ndani yake utakuta mabaki ya wairingi, waya wa antena ya televisheni ambayo ilishauzwa, chaja zilizokufa, waya wa kufungia nondo na kipande cha waya wa simu ya mezani cha enzi ambazo nyumba yenyewe haijajengwa. Hakuna anayethubutu kutupa. Wengi wetu tulihamia kabla ya plasta, tukaendelea kujenga chumba kimoja kimoja kadiri mshahara ulivyoruhusu, na katika ujenzi wa namna hiyo waya ndio uliotuokoa. Geti linafungwa kwa waya. Nguo zinaanikwa kwenye waya. Bampa la bajaji inayotupeleka Tegeta Nyuki limeshikiliwa na waya, na dereva wake hana wasiwasi hata kidogo.

Kwa hiyo mtu wa huku anakua na imani moja thabiti: waya ni waya tu. Mimi nimefundisha fizikia sekondari kwa muda mrefu, na nakiri kwamba kwa geti na kamba ya nguo imani hiyo haina kasoro. Balaa linaanza inapofika kwenye koili.

Koili ni waya ulioajiriwa kuuzuia umeme usipite kirahisi, na katika huko kuzuiana ndipo joto linapopatikana. Kazi hiyo inahitaji waya wa aina yake, unene wake na urefu wake. Dunia nzima ilihangaika kuupata. Mwaka 1906 Mmarekani Albert Marsh alipata hataza ya mchanganyiko wa nikeli na kromu, tunaouita nikromu, ambao unawaka mwekundu siku nenda siku rudi bila kuungua, kwa sababu ukipata joto unajivika ngozi nyembamba ya kutu ya kromu inayozuia hewa isiule kwa ndani. Baadaye Wasweden wa mji wa Hallstahammar wakaja na wa kwao wa chuma, kromu na alumini, wakauita kanthal. Pasi, hita ya kuchemshia maji, tosta, vyote ni wajukuu wa hao. Ukiweka shaba mahali pa nikromu, umeweka waya ambao kwa unene na urefu uleule unazuia umeme mara sitini na zaidi pungufu. Wanafunzi wangu waliandika haya kwenye mtihani, wakafaulu, wakasahau.

Jikoni kwetu kuna jiko la umeme la koili mbili, zile za wazi, springi imelala kwenye mifereji ya kigae. Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034, na mama watoto akaupokea kama waraka ulioandikwa kwa jina langu. Mkaa ukatoka, jiko likaingia. Nalipenda, ila lina masharti. Halipikiwi bila ndala miguuni, na ugali hausongwi kabla ya kuzima swichi, maana sufuria ikigusana na springi iliyotuna, mwiko wenye mpini wa chuma utakukumbusha ulikotoka.

Adui wa springi ni maharage. Wali ukifurika unamwaga povu, lakini maharage yanangoja mpishi aende kuanua nguo, kisha yanamwaga mchuzi wenye chumvi juu ya waya mwekundu. Springi yetu ilikufa hivyo, Jumapili, kwa mlio mdogo tu, pwi, na harufu iliyokaa kwenye mapazia.

Fundi wa mtaa akaitwa. Fundi wetu anatengeneza kila kitu, kuanzia redio hadi pampu ya kisima, na vyote anavitengeneza kwa plaizi moja. Alichungulia, akakata sehemu yote iliyoliwa na chumvi, akavuta ncha mbili zilizobaki zikakutana, akazisokota, akazigonga kidogo.

"Mwalimu, hili sasa litakuwa na moto kuliko jipya."

Hakudanganya. Koili ya wati 1,000 kwenye umeme wetu wa volti 230 inatakiwa kuwa na ukinzani wa omu 53 hivi. Yeye alikuwa ametupa karibu robo ya waya, zikabaki omu 40, na jiko likapanda hadi wati 1,300 na ushee. Waya ukipungua, moto unaongezeka. Watu wengi hudhani ni kinyume chake. Chai ikawa inachemka kabla hujaosha vikombe. Mama watoto akamsifia fundi kwa majirani, na kwa wiki nzima alikuwa na heshima ya profesa. Mimi nilikuwa naiangalia mita ya LUKU ikipepesa taa yake nyekundu kwa pupa nikakaa kimya, maana katika nyumba yetu hoja yoyote dhidi ya fundi inahesabiwa kuwa wivu.

Jumamosi wakaja mashemeji kutoka Mbagala. Pilau ikabandikwa. Lile fundo la kusokota nalo, kwa kuwa chuma hakikukamatana na chuma sawasawa, lilikuwa na joto lake binafsi, na plagi ilikuwa na lake. Tulipokuja kushtuka, plagi ilikuwa imelainika na kukumbatiana na soketi kiasi kwamba hazikutenganishika tena, na pilau ilikuwa na matabaka mawili: juu wali, chini mkaa. Mkaa uleule tulioufukuza Mei ulikuwa umerudi kupitia sakafu ya sufuria. Shemeji mkubwa, mtu wa adabu, alikula la juu akasema pilau ina harufu nzuri ya kuni.

Nikaenda Kariakoo mwenyewe. Duka nililoingia halina upana wa kuzidi mlango wake, na mzee aliyekaa ndani hakuniuliza nataka nini, aliniuliza, "Wati ngapi?" Hilo swali ndilo lililonifanya nimwamini. Akashusha mfuko wa springi zilizobanwa, kila moja ndefu kama kalamu ya risasi, akachukua sumaku ndogo iliyotoka kwenye spika na kuigusisha. Iliyonasa akaiweka kushoto, isiyonasa kulia. Zinazonasa zina chuma ndani, ni za ukoo wa kanthal. Zisizonasa ni nikromu. Zote zinapika. Ila kanthal ikishapata moto mara moja inakuwa dhaifu ukiikunja, kwa hiyo ukiiweka kwenye mfereji usiiondoe ondoe. Darasa zima hilo alinipa bure. Springi ilikuwa shilingi elfu tatu.

Kuitandaza ndiyo kazi. Springi hukabidhiwi ikiwa na urefu wa jiko lako. Unaivuta mwenyewe, na ikishavutika hairudi. Unachukua uzi, unaupitisha kwenye mfereji wote kuanzia skrubu hadi skrubu, unaupima, ndipo unaivuta springi mpaka ilingane na uzi huo, polepole, kwa mikono miwili, ili duara zikae kwa nafasi sawa. Pale zilipobanana ndipo patakapowaka sana na ndipo patakapokatika. Nilimpa binti yangu wa mwisho ashike ncha moja, nikamwambia asivute, ashike tu. Mtoto ukimwambia asivute umeshampa wazo. Springi ya kwanza ikatoka na urefu wa kufika getini. Nilikuwa nimenunua mbili, na mzee wa Kariakoo ndiye aliyenishauri. Inaelekea naye ana watoto.

Ile ya zamani, yenye fundo, ikaingia kwenye boksi la waya, na hapo ndipo alipotokea mpwa wangu.

Mpwa wangu anasoma chuo na anaishi kwetu. Amenunua vepu, na si ile ya kuvuta na kutupa. Yake ni bomba la chuma lenye betri moja ndani na kitufe chini, basi, hakuna kompyuta ya kulinda chochote. Juu kuna kitanki ambamo mwenyewe unajenga koili, unapitisha pamba katikati, unalowesha kwa juisi yenye ladha, unabonyeza, unatoa moshi wa treni. Mama watoto alipouona aliuliza kama hiyo si shisha ya mfukoni, na kama kijana ana habari kwamba shisha nchini ilipigwa marufuku tangu 2016. Mpwa akamwambia hiki ni kitu kingine, ni teknolojia, kilibuniwa na mfamasia wa Kichina, Hon Lik, mwaka 2003. Mama watoto akasema mfamasia angebuni dawa.

Koili zake zilizokuja na boksi zilikwisha. Badala ya kununua waya wake, akaenda kwenye boksi langu, akachuna waya wa simu ya mezani, akaukuta shaba safi, unene wa nusu milimita, unang'aa. Akauzungusha kwenye bisibisi ndogo ukatoka mzuri wa kupigwa picha. Akaufunga, akabonyeza.

Sentimita saba za waya ule wa shaba hazifiki hata sehemu moja ya mia ya omu. Betri ya namna ile ikiwa imejaa ina volti 4.2. Ukigawa, jibu linazidi ampea 600, na betri yenyewe ikijitahidi sana imetengenezwa kwa 20 au 30. Haiwezi kuzitoa hizo 600, lakini inajaribu, na jitihada zote zinageuka joto ndani ya bomba la chuma lililofungwa pande zote, mkononi mwa mtu. Nilisikia "mamaa!" kisha nikaona kitu kinapaa kutoka ubarazani na kutua katikati ya kuku wa jirani. Bahati yake kitufe kiliachia. Betri za litiamu zikipigwa shoti ya kweli hazitoi onyo la pili.

Alikuja jioni, kiganja kimepakwa asali na mama watoto, ingawa mimi nilisema maji ya bomba yanayotiririka yatosha.

"Mjomba, hivi ile springi ya jiko uliiweka wapi?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ya kazi gani?"

Akanieleza. Nikiwa mwalimu, nilifurahi kidogo kwamba sasa anajua waya upi si wa kazi hiyo. Kabla sijamaliza kumweleza kuhusu unene na omu, alikuwa ameshakata kipande, akakinyoosha, akakizungusha kwenye bisibisi ileile. Kwa hesabu hakukosea: nikromu ya nusu milimita, sentimita saba, inakupa omu 0.4, ampea kumi na kitu, na betri mpya aliyoinunua ingeweza. Akapitisha pamba, aliyoichukua kwa mama watoto bila kuomba, akamimina juisi ya stroberi. Tulikaa ubarazani. Akavuta.

Alikaa kimya sana kwa mtu aliyekuwa na mengi ya kusema.

"Mjomba, inanuka jikoni."

"Jikoni wapi?"

"Hapa hapa. Jikoni kwetu."

Na kweli. Waya ule ulikuwa umepakwa maharage ya miezi na miezi, mafuta ya vitunguu, chumvi, iliki za pilau ya mashemeji, vyote vimekaushwa na kuganda juu yake, na sasa vilikuwa vinarudi vikiwa mvuke wenye stroberi kwa mbali. Wingu likapita dirishani. Kutoka ndani ikasikika sauti ya mama watoto, kali:

"Nani ameacha maharage motoni?"

Hatukujibu. Alitoka na mwiko mkononi akatukuta wawili, mmoja anakohoa, mwingine ameshindwa kujizuia kucheka. Mwiko ule haukuuliza nani mwalimu na nani mwanafunzi.

Mpwa sasa anaagiza waya wake, umezungushwa kwenye kigurudumu kidogo, umeandikwa aina na unene. Kuhusu vepu yenyewe nimemwambia maoni yangu: wanasayansi wamepima mvuke wa vifaa hivi wakakuta chembe za nikeli na kromu zilizobanduka kwenye koili, na nikotini ni nikotini hata ikinukia tunda. Ananisikiliza kwa heshima zote, halafu anaenda kuvutia nyuma ya tangi la maji. Ni mtu mzima.

Fundi naye nilimweleza kuhusu omu 53, akanisikiliza akitikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, hayo ni ya kitabuni." Wiki iliyopita nimemwona kwa jirani wa tatu, amechuchumaa mbele ya jiko na plaizi yake, anavuta ncha mbili zikutane.

Kwa hiyo wenzangu wa Madale, Goba na Wazo mlio na jiko la aina hii, nawaomba: springi ikikatika msiiunge. Mpya ni elfu tatu Kariakoo. Kuiunga fundi anatoza elfu tano, na plagi unanunua mwenyewe.